Tanga la Marudufu: Kutoka Matondoni Hadi Kiwayu

Kutoka Lamu kwenda Kiwayu kuna njia mbili za chombo. Ya nje ni bahari kuu, yenye kina na mawimbi. Ya ndani hupita baina ya visiwa na bara, katika mikono ya bahari iliyozungukwa na mikoko. Maji yakipwa huacha matope na mafungu ya mchanga yakianikwa juani, na baada ya saa chache vyombo vinaelea juu ya mafungu yaleyale. Watu wa Lamu, Pate, Siyu na Faza wameishi kwa njia hii ya ndani karne nyingi. Mimi nimeipita majira ya demani, upepo wa kusi umelegea, ndani ya mashua isiyo na mashine. Naandika ili msomaji ajue kwamba bado inapitika kwa tanga, na kwamba hao wanaoshona matanga ya kuipita ni mafundi wa kuheshimiwa sawa na wale wanaounda vyombo vyenyewe.

Matondoni

Matondoni ni kijiji cha upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa cha Lamu, na sifa yake ni uundaji wa vyombo. Ukishuka ufukweni unasikia tezo na nyundo kabla hujaona mtu. Wageni huja kuwapiga picha waundaji, na wana haki, kwa maana kuona mashua ikitoka mkononi mwa mtu asiye na mchoro wowote wa kufuata ni jambo kubwa. Ila mimi nilikuja kumtazama mshonaji, ambaye hukaa mbali kidogo na makelele, kivulini, miguu ameinyoosha, na marudufu, kile kitambaa kizito cha pamba, yamemjaa mapajani.

Kushona ndiyo hatua ya mwisho. Kazi huanzia mchangani. Fundi hupigilia vigingi, akavuta kamba kutoka kimoja hadi kingine mpaka umbo lote la tanga likalala chini: upande mrefu utakaofungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, upande wa nyuma, upande wa chini, na ule ukingo mfupi wa mbele unaoishia goshini, pembe ya chini ya mbele. Kipimo hakitoki kitabuni. Kinatoka kwenye foromali ya mashua ileile, iliyobebwa hadi pale ikalazwa kando ya kamba. Mashua mbili zikilingana urefu, matanga yake hayatalingana, kwa kuwa foromali moja ni ngumu na nyingine hupinda ncha upepo ukizidi, na ncha ikipinda tanga hubadilika tumbo.

Vitambaa hutandikwa kwa kufuata upande wa nyuma, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja hukatwa mshazari pale kinapokutana na foromali. Mishono hupandana upana wa vidole viwili. Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Tanga likishonwa bapa litakwenda vizuri kuelekea upepo, lakini upepo ukitoka nyuma halitakuwa na nguvu. Likishonwa na tumbo kubwa litavuta sana kwa nyuma, ila kubisha litashindwa. Kwa hiyo fundi hupanua mshono kidogo kidogo anapokaribia pembe, upana usioonekana kwa jicho la mgeni, na kitambaa kikapata mviringo bila kukatwa kwa mviringo. Kisha hushona dasi, ile kamba ya ukingoni, akiipa urefu pungufu kuliko kitambaa, hivi kwamba kitambaa hujikusanya juu yake. Upepo ukija, dasi ndiyo inayobeba mzigo, na kitambaa kikabaki na uhuru wa kufura.

Nilimtazama akishona dasi kwa muda mrefu. Kiganjani amefunga kipande cha ngozi cha kusukumia sindano, sindano yenyewe ina ncha ya pembe tatu, na uzi ameupitisha kwenye nta mpaka ukang'aa. Kila pigo la sindano hupita baina ya nyuzi za kamba, halichomi uzi wa kamba katikati, kwa sababu uzi uliochomwa huoza kwanza. Kila baada ya mapigo machache huvuta dasi kwa goti na kuipima kwa kidole gumba.

Nilimwuliza kwa nini asitumie turubai la plastiki, ambalo wengi sasa hulitumia kwa kuwa ni rahisi na halishiki ukungu. Akaniambia, "Mwanangu, hilo halinyumbuki. Jua likilipiga mwaka mmoja huraruka mshononi, na likiraruka huraruka lote. Marudufu hukuonya kabla." Marudufu nayo yanataka adabu yake. Tanga jipya la pamba husafirishwa kwanza kwa upepo mwembamba ili linyooke taratibu, maana likikutana na upepo mkali siku za mwanzo litavutika vibaya na halitarudi. Haliviringishwi likiwa na maji ya mvua. Na chombo kikitaka kubisha, mabaharia hulimwagia maji ya bahari, nyuzi zikavimba na kuziba, upepo usipenye.

Pamba si ya zamani sana katika pwani hii kwa kazi ya tanga. Mitepe, vile vyombo vya Wabajuni vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, vilikuwa na tanga la mraba lililosukwa kama mkeka. Baadaye wafanyabiashara wa Salem, huko Massachusetts, walianza kuleta vitambaa Zanzibar, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na jina la merikani likabaki hadi leo katika maduka yetu. Mtepe wa mwisho ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ukitaka kuona umbo lake, mfano mdogo uko katika makumbusho ya Lamu.

Fundi alinieleza jambo moja lililoniongoza safari nzima. Alisema tanga halishonwi kwa upepo peke yake, lashonwa kwa ndia ambayo chombo kitaipita. Mashua ya nje ya miamba hupewa tanga la chini na pana. Ya kupita mikokoni hupewa tanga refu la kuchongoka, kwa sababu chini baina ya miti upepo umekufa, na upepo ulio hai uko juu ya vilele. Mlingoti wa mashua ni mfupi, lakini foromali huipandisha ncha ya tanga mbali juu ya mlingoti, ikauchota upepo huo.

Mkanda

Tuliondoka bamvua la mwezi mchanga, maji yakiwa yamejaa kabla ya alfajiri. Mkanda ni mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, na vyombo huupita maji yakiwa makubwa tu. Nahodha alisali, akatia mkono majini kuona mkondo umeelekea wapi, akaamuru nanga ing'olewe. Mabaharia walivuta henza, kamba ya kupandishia foromali, kwa pamoja, kapi ikalia, tanga likapanda gizani.

Ndani ya Mkanda nilielewa maneno ya fundi kwa macho. Maji yalikuwa yametulia kabisa, majani ya mikoko hayatikisiki, na nilipokaa chini ya ukingo wa chombo sikuhisi hata pumzi ya upepo usoni. Juu, ncha ya tanga ilikuwa imejaa. Mashua ilikwenda kimya, mikoko ikitupita pande zote mbili karibu kiasi cha kuishika. Kulipoanza kupambazuka, rangi ya maji ikaanza kusomeka: kijani kizito ni njia, hudhurungi ni matope, na weupe ni fungu la mchanga lililo karibu kuanikwa. Kijana mmoja alisimama omo na upondo, akiuchovya na kutaja kina kwa kuutazama ulivyolowa. Bildi ya risasi ya kupimia kina wanayo, lakini kwenye maji ya pima moja upondo unatosha, na upondo ukikuambia maji yameisha unaweza kuutumia kujisukuma papo hapo.

Farumi yetu, yaani uzito wa kutuliza chombo, ilikuwa magunia ya mchanga. Upepo ukizidi upande mmoja, magunia huhamishwa, na ubao mrefu hutolewa nje ya chombo upande wa joshini, unakotoka upepo, baharia mmoja au wawili wakaenda kukaa mwisho wake juu ya maji. Ni kazi ya kila mara, kwa sababu mashua nyembamba yenye tanga refu haina subira.

Mkanda ukiisha, ghuba ya Manda inafunguka na ghafla unaona winchi kubwa za bandari mpya ya Lamu. Gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Meli za pale zinahitaji mfereji uliochimbwa chini sana, na uchimbaji huo uligusa maeneo ya uvuvi, hata mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia. Nahodha alilitazama gati akasema tu kwamba mkondo umebadilika hapa, na kwamba amejifunza upya mahali pa kugeuzia. Mtu aliyepita njia moja tangu utoto akilazimika kujifunza upya, hilo ni jambo zito, na sioni kama limepimwa vya kutosha.

Mtangawanda na Pate

Mtangawanda ni gati la kushukia upande wa magharibi wa kisiwa cha Pate. Tulifika maji yakipwa kwa kasi, chombo kikaachwa kimetia nanga mahali pa kina, nasi tukatembea hadi mji wa Pate, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu. Kwa bahari mji haufikiki isipokuwa maji yamejaa, na wazee husema hicho ndicho kilichoudhoofisha: mchanga ulijaa bandarini, majahazi makubwa yakahamia Lamu.

Pate ya Wanabahani, ukoo wa masultani wake, ilikuwa na nguvu kiasi cha kuzitisha Lamu na Mombasa. Siwa yake, baragumu la pembe za ndovu lililochongwa kwa ustadi wa hali ya juu, imehifadhiwa Lamu. Leo kuta za mawe ya matumbawe zimebaki zikiwa zimesimama nusu, vidaka vya chokaa vikionekana bado, na ndani ya vyumba visivyo na paa watu wamelima tumbaku. Majani yake mapana yanapenda ile ardhi. Tulikaribishwa barazani kwa kahawa chungu na mkate wa mofa ulio moto, tukala na samaki wa kupaka, na mwenyeji wetu, bibi mmoja, akataka kujua kwanza tanga letu limeshonwa na nani kabla hajauliza majina yetu. Nilipomwambia ni la Matondoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Siyu

Kesho yake tuliondoka na maji ya alfajiri, tukaukumbatia ufuko wa Pate kuelekea kaskazini, na kabla ya adhuhuri tulikuwa mdomoni mwa mkono wa bahari unaoingia Siyu. Maji yalikuwa yanatoka. Mtu wa haraka angeshika upondo na kulazimisha. Nahodha alishusha tanga, akaielekeza mashua polepole juu ya fungu alilolijua, akaiacha ikae. Baada ya muda mkuku uligusa mchanga kwa sauti ndogo, mabaharia wakaruka chini na magadi, miti ya kuegemezea chombo, wakayapigilia pande zote mbili, na chombo kikasimama wima huku bahari ikikimbia kutoka chini yake.

Saa zile za kusubiri ndizo nilizozipenda kuliko zote. Mahali tulipokuwa tukielea sasa tulitembea kwa miguu. Kaa wadogo walitoka mashimoni kwa mamia, mmoja ana gando kubwa kuliko mwili wake. Kwenye mizizi ya mikoko chaza walikuwa wameshikamana, wakali kama visu. Mabaharia walienda kuchokoa kaa wakubwa wa matopeni kwa fimbo yenye ndoano, na mpishi akawasha moto kwenye sanduku la mchanga lililo ndani ya mashua. Tulikula kaa kwa wali wa nazi, tumekaa kwenye chombo kilicho nchi kavu, bahari haionekani.

Nahodha alitumia muda ule kulitazama tanga. Alililaza juu ya mchanga, akapita na vidole kwenye mishono yote, akaonyesha mahali karibu na goshi ambapo uzi ulikuwa umeanza kusuguliwa na foromali. Kijana wake akashona kiraka cha marudufu juu yake, mapigo mafupi, dasi akaipitia mara ya pili. Nikaona kwamba kila baharia hapa anajua kushona kiasi fulani. Kukata ni kwa fundi, lakini mwenye chombo asiyeweza kutia kiraka katika maji kama haya hafiki mbali, kwa maana hakuna duka njiani, kuna mikoko tu.

Alasiri maji yalirudi. Kwanza ulikuwa mstari mwembamba wa povu ukitambaa kwenye vijito, kisha mashimo ya kaa yakajaa, kisha mkuku ukatikisika. Magadi yakaondolewa, tanga likapanda, tukaingia na maji yakitusukuma kutoka nyuma, kwenye mlango unaopindapinda kiasi kwamba hutajua kuna mji mpaka ngome ya Siyu ikutokee mbele, imesimama peke yake ukingoni.

Ukiingia Siyu kwa njia hii unaelewa historia yake kwa urahisi. Seyyid Said alituma majeshi yake dhidi ya Siyu zaidi ya mara moja akashindwa. Merikebu zake hazikuweza kusogea. Askari ilibidi washushwe mbali, waje kwa mashua ndogo au wapite matopeni, na aliyekuwa akiwasubiri alijua kila saa ya maji. Bwana Mataka, aliyeongoza upinzani huo, alifariki 1856 bila kuinamishwa. Mji uliangukia mikononi mwa Sultani Majid wa Zanzibar mwaka 1863. Mjane wa Bwana Mataka ni Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa nasaha mwaka 1858, utendi unaosomwa hadi leo katika shule na vyuo vyetu. Watu wengi wanaujua utendi ule na hawajui ni mji wa namna gani mume wa mtunzi alioutawala. Ni mji huu, uliokuwa na waandishi wa misahafu, washonaji wa ngozi na mafundi wa samani, na maji machache yakiwa ndiyo boma lake. Kazi ya ngozi bado ipo. Nilinunua makubadhi kwa mzee mmoja aliyetumia sindano ileile ya pembe tatu niliyoiona Matondoni.

Kizingitini

Tulitoka Siyu na maji ya asubuhi, yakituvuta nje upesi, tukapita Faza bila kushuka. Faza ilibomolewa na Wareno mwaka 1587 kwa kuwaunga mkono Waturuki walioongozwa na Mir Ali Bey, ikajengwa tena, na leo ni mji wenye shughuli zake. Kizingitini, kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya kisiwa, ni mji wa wavuvi Wabajuni, na bandari yake ilikuwa imejaa mashua. Hapa kambakoche ndiye mwenye soko. Wapiga mbizi hushuka miambani kumtafuta, na jioni kambakoche hao hupimwa ufukweni kwa kelele nyingi.

Niliziangalia mashua nikiwa na fundi wa Matondoni akilini. Nyingi zimefungwa mashine, na tanga limebaki la akiba, limeviringishwa likiwa na unyevu na kuanza kuota madoa meusi. Zilizobaki na tanga la kweli zilikuwa za wazee na za vijana wachache wasioweza kumudu mafuta. Mmoja wa vijana hao aliniambia kwamba mafuta yalipopanda bei, alirudi kwenye tanga la baba yake, akakuta dasi imeoza, na akalazimika kusafiri hadi Lamu kutafuta wa kulitengeneza. Kisiwa kizima cha wanabahari, na tanga linasafirishwa kwenda kutibiwa kwingine! Nadhani chuo chochote cha ufundi katika kaunti hii kinachofundisha ushonaji wa nguo kingeweza kuwaita washonaji wa matanga wafundishe pia, nao wapo, wako hai, na wana muda.

Kiwayu

Kiwayu ni kisiwa chembamba kilichojinyoosha, kina kilima mgongoni. Ukisimama juu unaona bahari mbili: upande mmoja mawimbi ya Bahari ya Hindi yakivunjika kwenye miamba, upande wa pili maji ya ndani, tulivu, ya kijani na hudhurungi, na mikoko hadi bara. Sehemu hii yote imo katika hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979, na kasa hupanda kutaga kwenye fukwe za nje.

Kwenda tulikuwa tumesukumwa na kusi. Kurudi ilitubidi tuikabili. Kugeuza tanga la namna hii ni kazi ya chombo kizima: foromali husimamishwa wima, ikapitishwa mbele ya mlingoti, goshi likahamishwa upande wa pili, kamba ya demani, inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, ikakimbizwa kuzunguka, na muda huo wote mashua inarudi nyuma. Kwenye bahari pana unaweza kufanya hivyo kutwa. Kwenye mlango wenye upana wa mashua chache huwezi. Kwa hiyo nahodha hakushindana na upepo. Alingoja mkondo uelekee kusini, akabisha kwa mapigo mafupi pale palipo na nafasi, tanga limelowanishwa na kung'aa, na mkondo ulipogeuka akatia nanga na kulala. Tulikwenda hivyo, kipande kwa kipande, na kila kipande tulipata mahali pa kushuka na watu wa kuzungumza nao.

Anayetaka kuiona njia hii aende majira ya demani, baina ya Agosti na Novemba, na aondoke Lamu siku chache baada ya mwezi kuandama au kupevuka, maji yakiwa makubwa alfajiri na jioni. Atafute mashua yenye tanga la marudufu, na asiweke ahadi na mtu yeyote ya siku ya kurudi. Matondoni apite kwanza, kabla ya kupanda chombo, amtazame fundi akishona walau mpaka adhana ya adhuhuri, na kama ana mtoto aliyemaliza shule na mikono mizuri, aende naye.